Bunduki ya Wenzo na Kiasi Chepesi

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, habari tuliyo nayo leo yaanza na neno moja la Kiswahili. Neno hilo ni kiasi. Kila mtu ajua kuwa kiasi ni kadiri ya kitu kilichopimwa kikatosha. Lakini wazee wa pwani waliotumia bunduki waliliita kwa jina hilo hilo fungu la baruti lililopimwa pamoja na risasi yake, tayari kutiwa bundukini. Siku hizi watu wengi husema risasi tu, nao hueleweka. Kwa haki, risasi ni jina la yale madini mazito na laini, na tena ni jina la kidonge kile kiendacho mbele. Kiasi ni kitu chote kwa pamoja. Leo tutashika matumizi ya wazee, kwa sababu habari yetu ni ya watu wanaojitengenezea viasi vyao wenyewe, wakavipunguza nguvu kwa kusudi, na wakapata furaha kubwa kwa kufanya hivyo.

Bunduki wanayoitumia ni ile ya wenzo. Chini ya mtambo wake pana kipande cha chuma kilichopinda kama pete ndefu, na mpigaji hutia vidole vyake humo. Akikisukuma chini, ganda tupu hutupwa nje. Akikirudisha juu, kiasi kipya huingia mahali pake, na bunduki iko tayari. Viasi vyenyewe hulala katika bomba lililo chini ya mtutu, kimoja nyuma ya kingine.

Yuko Mswahili aliyetuachia habari ya siku alipoiona bunduki ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, naye ameieleza katika kitabu cha maisha yake alichokitunga kwa Kiswahili. Mwaka 1876, katika nchi ya Manyema, alikutana na Stanley, na Stanley akamwonyesha bunduki ipigayo mara 15. Hamed hakuamini. Bunduki aliziona nyingi, lakini hii ilikuwa na mtutu mmoja tu, na lile bomba la chini alidhani ni mdeki wa kusafishia. Akamtaka aipige waone, na Stanley hakukubali upesi, bali akataja habari za reale 20 au 30. Basi Hamed naye akamsimulia, bila kucheka, juu ya upinde ulioko katika mto mmoja, utiwao mishale 20, yote ikatoka pamoja na kila mshale ukaua mtu. Stanley aliposikia hayo alitoka nje akapiga mara 12. Jina la bunduki Hamed hakulitaja, lakini bomba lile latutambulisha kuwa ilikuwa ya aina ya Winchester. Stanley alikuwa nayo tangu safari yake ya kwanza: alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alichukua Winchester aliyopewa zawadi na balozi wa Marekani aliyekuwako Istanbul.

Mshangao wa Hamed wafahamika. Mwenye gobore humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi, hushindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki. Mtu hodari apigapo mara tatu katika dakika moja amefanya kazi kubwa. Sasa awazie chombo kitoacho viasi 15 bila mkono kugusa mdeki hata mara moja.

Bunduki hiyo haikuvumbuliwa na mtu mmoja. Mnamo 1848 na 1849 aliishi New York fundi mmoja, Walter Hunt, ndiye yule aliyevumbua pini ya usalama ambayo mama zetu hufungia nguo za watoto. Hunt alitoboa risasi kwa nyuma akaitia baruti ndani yake yenyewe, akatengeneza na bunduki ya kuzipiga mfululizo. Wazo lilikuwa zuri, lakini mtambo ulikuwa na vipande vingi mno, nao uliharibika upesi. Baadaye Horace Smith na Daniel Wesson wakalishika wazo lile, kisha wakaliacha wakaenda kutengeneza bastola. Aliyelibakisha hai ni Oliver Winchester, mtu wa New Haven katika jimbo la Connecticut, ambaye kazi yake haikuwa silaha hata kidogo. Alikuwa na kiwanda cha mashati. Fundi wake, Benjamin Tyler Henry, akapata hati ya uvumbuzi tarehe 16 Oktoba 1860 kwa bunduki ya wenzo iliyochukua viasi 16, na kila kiasi kikiwa na ganda lake la shaba.

Hapa pana jambo ambalo wengi husahau. Bunduki ya wenzo ilizaliwa na kiasi chepesi. Wamarekani hupima baruti kwa punje, kipimo cha zamani sana cha Kiingereza kilichoitwa kwa jina la punje ya nafaka, na punje 7,000 hufanya ratili moja. Askari wa miguu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu 1861 hata 1865, alitia punje 60 katika bunduki yake ya kushindilia. Bunduki ya Henry ilipiga kwa punje 25 hivi. Sababu yake ni mtambo. Ulifungwa kwa viungo viwili vilivyokunjuka kama goti la mtu, na goti hilo lisingeweza kuhimili mshindo mkubwa. Kwa hiyo fundi alichagua: nguvu kidogo, lakini mara nyingi. Majemadari wengi waliidharau kwa sababu hiyo, na ni lazima tukiri kwamba kwa shabaha ya mbali walikuwa na haki. Ila askari aliyekuwa karibu na adui wake hakuwa na la kubishana nao. Aliitoa mshahara wake mwenyewe akainunua.

Mwaka 1866 jina la Winchester likaanza kuandikwa juu ya bunduki hizo, na mwaka 1873 ikatoka ile iliyovuma kuliko zote. Kiasi chake kilikuwa na punje 40 za baruti nyeusi na risasi ya punje 200. Lakini kwa habari yetu, tofauti kubwa haikuwa katika uzito, bali katika fataki. Katika maganda ya Henry dawa ya kuwasha ilienea ndani ya ukingo wote wa kitako, na ganda likipigwa mara moja halifai tena. Katika ganda la 1873 fataki ilikuwa kidonge kidogo peke yake, kimekaa katikati ya kitako. Kikiisha kulipuka chaweza kung'olewa, kingine kikatiwa mahali pake. Ganda likawa chombo cha kujazwa tena, kama chupa ya mafuta ya taa.

Yafaa tufikiri hali ya watu walioinunua. Mfugaji wa ng'ombe katika nyika za Magharibi aliweza kukaa mwendo wa siku kadhaa mbali na duka. Ganda la shaba ndilo lililokuwa na thamani kubwa katika kiasi. Baruti na risasi zilikuwa rahisi kwa kulinganisha. Kampuni ya Winchester ikaanza kuuza vyombo vidogo vya mkono vya kujazia maganda, na mwaka 1884 mtu mmoja wa mji ule ule wa New Haven, John Barlow, akaanzisha kiwanda cha vyombo hivyo alichokiita Ideal. Chombo chake chafanana na koleo la mhunzi, tena chaingia katika mfuko wa koti. Sehemu moja hung'oa fataki iliyokwisha, nyingine hutia fataki mpya, nyingine hubana mdomo wa ganda uishike risasi, na katika aina nyingine ncha yake ni kalibu ya kusubia risasi zenyewe. Barlow alitoa na kitabu cha mafundisho, chenye vipimo na picha za risasi, na watu waliokaa mbali walikisoma jioni kwa mwanga wa taa. Tangu 1925 kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya Lyman, ambayo vitabu vyake bado vyatumika.

Kazi yenyewe ilifanyika jikoni. Risasi iliyeyushwa katika chungu cha chuma, ikachanganywa na bati kidogo ili ijae vizuri katika kalibu na kuwa ngumu kidogo. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na mikunjo. Ikiwa moto mno, hutoka na vumbi jeupe juu yake kama jivu. Fundi huzitupa za kwanza arudishe chunguni, mpaka kalibu ishike joto lake. Kisha mifuo iliyozunguka risasi hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ili risasi isiukwaruze mtutu na kuacha madini yake humo. Waliosema kwamba mwindaji ni mtu wa porini hawakupata kumwona akiwa ameinama juu ya chungu saa mbili nzima.

Lakini tusidanganyane. Vyombo hivi havikutengenezwa kwa mchezo. Wawindaji wa ngozi za nyati wa Marekani, ambao wengi walitumia bunduki za kiasi kimoja, walijaza maganda yao kambini usiku ili waue tena asubuhi. Hata ilipofika 1889 nyati waliohesabiwa katika bara lote la Marekani ya Kaskazini hawakufika 1,100, na hapo kwanza walikuwa mamilioni. Na tarehe 25 Juni 1876, miezi minne kabla ya Hamed kukutana na Stanley, jemadari Custer na zaidi ya askari 200 waliokuwa pamoja naye waliangamizwa kando ya mto Little Bighorn na Walakota na Wacheyenne waliokuwa wakiitetea nchi yao. Askari wa Custer walikuwa na bunduki za Springfield za kiasi kimoja. Miongoni mwa wenyeji walikuwamo wenye bunduki za Henry na Winchester. Mwaka 1983 moto uliunguza majani ya mahali pale, na wataalamu waliochimba katika miaka miwili iliyofuata waliyaokota maganda yake ardhini, wakaweza kufuata nyayo za bunduki moja moja kutoka mahali hata mahali. Si bunduki peke yake iliyoamua vita vile; wenyeji walikuwa wengi sana, na Custer aliligawa jeshi lake. Walakini bunduki iliyodharauliwa kwa kiasi chake chepesi haikuonekana nyepesi siku hiyo.

Jeshi lenyewe, tukiwa papo hapo, lilijua faida ya kiasi kilichopunguzwa. Bunduki ya Springfield ya askari wa miguu ilitiwa punje 70 za baruti. Bunduki fupi ya wapanda farasi ilitiwa punje 55 tu kwa risasi ile ile, maana bunduki ni nyepesi na ilimpiga mtu begani kwa ukali. Na kwa mazoezi ya ndani ya jengo, askari walipewa vyombo vya kujazia maganda kwa baruti kidogo sana na risasi ya duara. Kwa hiyo desturi hii si uvumbuzi wa wavivu.

Mambo yakageuka tena kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni Mfaransa, Paul Vieille, aliyetengeneza mwaka 1884 baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu nyingi kuliko ile nyeusi. Wa pili ni John Browning, fundi wa Ogden katika Utah, aliyebuni mitambo ya wenzo iliyofungwa kwa vyuma imara badala ya goti lile. Winchester ya 1894 ni yake, na mwaka 1895 ilianza kuuzwa kwa kiasi kiitwacho .30-30, chenye punje 30 za baruti mpya na risasi iliyovikwa koti la shaba. Risasi hiyo ilikwenda karibu futi 2,000 katika sekunde moja. Bunduki hii ilipendwa mno, na kabla kiwanda cha New Haven hakijafungwa mwaka 2006 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni saba.

Aina iliyofuata, ile ya 1895, ilifika na kwetu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, nao walikuwa na Winchester za .405, zenye risasi ya punje 300. Mzee huyo aliisifu kuwa ndiyo dawa ya simba. Wapagazi na wasaidizi wengi wa safari ile waliuzoea mlio wa wenzo huo tangu nyanda za Kenya mpaka Uganda. Lakini katika viasi vya bunduki ya wenzo hicho ndicho upande wa mwisho kabisa wa uzito, na mtu apigaye .405 mara 20 asubuhi moja hatamani mara ya 21.

Hapo ndipo furaha ya kiasi chepesi ilipoanza kutafutwa kwa makusudi. Mkulima wa Marekani alikuwa na bunduki moja. Ilimfaa kwa paa mkubwa mara moja au mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote alitaka kumpiga sungura wa kitoweo, au kufundisha mtoto, au kujaribu shabaha mwenyewe kwenye kibati juu ya gogo. Kwa .30-30 kamili sungura hakubaki kitoweo, mtoto aliogopa, na fedha ziliteketea. Viwanda viliuza viasi vya masafa mafupi, vyenye risasi ndogo na baruti kidogo. Lakini mwenye koleo na kalibu hakuvihitaji. Alisubu risasi yake ya madini laini, akapima sehemu ndogo ya baruti, na bunduki ile ile ya paa ikawa chombo cha jioni. Hesabu yake si ngumu. Kwa punje 30 katika kila ganda, ratili moja ya baruti hujaza maganda 233. Kwa theluthi yake, hujaza 700.

Na raha yenyewe ni nini? Sisi twadhani iko katika mambo matatu au manne yaliyochanganyikana, wala si rahisi kuyatenganisha. Liko bega, kwanza. Bunduki nzito kidogo yenye kiasi chepesi humsukuma mtu kwa upole tu, kama mtoto amgusaye baba yake. Basi mpigaji haogopi, na asiyeogopa hafumbi macho wala hakivuti kifyatuo kwa pupa. Walimu wengi wa shabaha wakubaliana kwamba hofu ya mshindo ndiyo iharibuyo mikono ya watu, na kiasi chepesi huiondoa hofu hiyo kabla haijaota mizizi.

Kisha uko mlio. Sauti husafiri hewani kama futi 1,100 katika sekunde moja. Risasi ipitayo mwendo huo hupasua hewa kwa mlio mkali kama wa mjeledi. Isiyoupita haina mlio huo, bali bunduki hutoa kishindo kizito kidogo tu. Mtu akipiga kipande cha chuma kilichotundikwa hatua mia mbele yake, kwa risasi iendayo futi 1,000, hupita zaidi kidogo ya nusu sekunde kabla hajaisikia ngo! ya chuma ikimrudia. Nusu hiyo ya sekunde ni ndefu ajabu. Mpigaji ameshajua moyoni kama amepata au amekosa, na sasa angoja kuthibitishiwa.

Tena risasi ya polepole huanguka. Katika masafa hayo hushuka zaidi ya futi moja na nusu chini ya mstari wa mtutu wake, wala hapana mtambo wa kumsaidia mtu ila kijingazi kidogo cha chuma juu ya mtutu, ambacho hukipandisha daraja kwa daraja mpaka apate lake. Ni lazima ajue kiasi chake, na hawezi kukijua kwa kuambiwa na mwingine, kwa kuwa amekitengeneza mwenyewe. Akibadili baruti, hata akibadili ugumu wa madini, huanza kujifunza upya. Wenye bunduki za kisasa za darubini huwacheka watu hawa. Tungependa kuwaona wakicheka baada ya kupiga kumi kwa macho matupu.

Na uko wenzo wenyewe, ambao hatuwezi kuueleza vizuri kwa wasiopata kuushika. Ulitengenezwa kwa haraka, ili mtu apige mara 15 kabla adui hajapiga mara mbili. Mpigaji wa kiasi chepesi huusukuma taratibu, ganda likaruka likiwa bado na joto, akaliangalia lilipoangukia. Kisha hurudisha. Haraka yote iliyowekwa ndani ya mtambo ule bado imo, nao haimdai.

Jambo moja lashangaza. Kiasi chepesi cha leo, kwa .44-40 au .38-55, mara nyingi hupeleka risasi kwa mwendo wa futi 1,000 hata 1,300, na huo ndio mwendo wa viasi vya kale vya baruti nyeusi, au karibu nao. Mtu adhani amepunguza, kumbe amerudi tu mahali bunduki ilipotoka.

Sasa yatupasa kusema habari za hatari, na hapa hatutaharakisha. Watu hufikiri kwamba kidogo ni salama siku zote. Katika baruti isiyo na moshi sivyo. Baruti nyeusi hujaza ganda. Mtu akisahau akamimina mara mbili, yamwagika mezani, naye ajua. Baruti mpya iliyopimwa kwa kiasi chepesi hukaa chini kabisa ya ganda, nafasi kubwa ikabaki tupu. Kipimo cha pili chaingia bila kuonekana, na pengine cha tatu. Kiasi kilichodhaniwa kuwa chepesi kuliko vyote ndicho kipasuacho bunduki mikononi mwa mtu. Kwa sababu hiyo mjazaji mwenye akili huyapanga maganda yake katika ubao wenye matundu, huyamulika yote kwa taa na kuchungulia ndani kabla ya kutia hata risasi moja, wala hasemi na mtu wakati wa kupima.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo. Kiasi kikipunguzwa mno, risasi haifiki nje. Hukwama ndani ya mtutu. Mpigaji asikia mlio dhaifu, adhani ni kawaida ya viasi vyake vyepesi, asukuma wenzo na kupiga tena nyuma ya ile iliyokwama. Basi mtutu hutuna au hupasuka. Mlio ukiwa wa ajabu, bunduki hutolewa viasi vyote na mtutu huchunguliwa, hata ikiwa ni mara kumi. Tena ziko baruti ziwakazo polepole, za viasi vikubwa, ambazo zikitiwa kidogo katika ganda kubwa huwaka vibaya na kuleta mkandamizo usiotazamiwa. Kwa hiyo mtu hapunguzi kwa kukisia. Hufuata kitabu cha waliotengeneza baruti ile ile, punje kwa punje, bila kubadili aina.

Na hatari ya tatu ni ya bunduki hii peke yake. Katika bomba, pua ya kiasi kimoja hugusa kitako cha kiasi kilicho mbele yake, yaani hugusa fataki. Risasi yenye ncha kali yaweza kuwa sindano, bunduki ikitikisika viasi vikalipuka ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki za wenzo zina pua bapa. Arthur Savage aliikwepa shida hiyo katika bunduki yake ya 1899 kwa kuviweka viasi katika gurudumu badala ya bomba. Na mwenye bunduki ya 1873 yampasa akumbuke goti lile. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Winchester ilitoa viasi vya .44-40 vya nguvu zaidi kwa ajili ya bunduki ya 1892, na ikaandika juu ya sanduku kwamba visitiwe katika ile ya 1873, ingawa vyaingia bila shida yoyote. Kuingia si kufaa.

Wasomaji wetu wa Afrika ya Mashariki wanajua tayari kwamba silaha na baruti katika nchi zetu ziko chini ya sheria kali, na kutengeneza viasi nyumbani si jambo ambalo kila mtu ameruhusiwa. Twawaeleza hizi kama historia na elimu, si kama kazi ya kuanza kesho.

Huko Marekani mchezo huu umepata vyama vyake. Mwaka 1987 kilianzishwa California chama cha watu wanaoshindana kwa bunduki za wenzo, bastola na bunduki za marisau za namna ya karne ya 19, nao huvaa mavazi ya wakati huo. Shabaha zao ni vibao vya chuma vilivyo karibu, na kanuni zao zakataza kiasi kizito: risasi ni lazima ziwe za madini matupu bila koti, na za bunduki zisizidi futi 1,400 katika sekunde moja. Wako miongoni mwao wapigao haraka kupita askari wowote wa 1876. Lakini wako wengine wengi wasioshindana na mtu. Hawa huenda peke yao au na wajukuu wao, wakiwa na sanduku moja la viasi 50 walivyovijaza juma lililopita.

Wakimaliza kupiga, kazi haijaisha. Ganda lililotumiwa kwa kiasi chepesi halichoki upesi, laweza kujazwa mara nyingi. Lakini kwa aina za kale ni ghali, na pengine halipatikani dukani mwaka mzima. Bunduki ya Winchester ya zamani huyatupa maganda juu na nyuma, yakaanguka popote majanini. Basi mzee huegemeza bunduki yake tupu, wenzo wake ukiwa wazi, akapiga magoti pamoja na mtoto, wakayatafuta na kuyahesabu mpaka yatimie 50.